Blogu yangu imelala tangu 2013: niiamshe, au niiache ilivyo?

Mwana wa Ziwani (mwuliza swali)

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa wale waliowahi kuwa na blogu ya maandishi yao wenyewe, si ya kubandika habari zilizokwisha kutoka magazetini.

Mwaka 2007, nikiwa mwanafunzi wa chuo Dar es Salaam, nilifungua blogu ya Kiswahili kwenye huduma ya Blogger nikaipa kazi moja tu, nayo ni kusimulia mambo ya kwetu Mbamba Bay, katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Niliandika jinsi bibi yangu alivyokuwa akianika dagaa, jinsi tulivyokuwa tukilala gatini tukiisubiri meli, na jinsi fundi mmoja wa kijijini alivyochonga mtumbwi kwa majuma kadhaa kutoka katika gogo moja. Nyumbani sikuwa na kompyuta. Niliandika kwanza kwenye daftari, kisha nikaenda mgahawa wa intaneti na kupiga chapa haraka haraka, kwa kuwa tulikuwa tukilipia kwa muda. Wasomaji wangu wa kudumu hawakuzidi kumi. Mmoja alikuwa Songea, mwingine Lilongwe, mwingine Uholanzi ambaye hakuwahi kutaja jina lake, lakini kila nilipochelewa kuandika aliuliza kama naumwa.

Katikati ya 2013 niliacha. Nilipata kazi, wenzangu wote walikuwa Facebook, na nikajiambia kwamba nitarudi.

Yaliyonirudisha ni mambo mawili yaliyotokea mwaka huu, na yanavutana. La kwanza, mtu nisiyemjua ameacha maoni chini ya makala yangu ya 2009 kuhusu yule mchonga mitumbwi. Anasema ni mtoto wake, kwamba mzee amefariki, na kwamba alipolitafuta jina la baba yake mtandaoni hakulikuta mahali pengine popote isipokuwa kwangu. La pili, baba yangu mdogo, ambaye sasa ana simu ya kisasa, amekutana na makala ya 2010 niliyosimulia ugomvi wa mpaka wa shamba katika ukoo wetu. Nilimtaja kwa jina. Amekasirika na anataka niifute leo kabla ya kesho.

Kwa hiyo nauliza: je, kuna maana ya kuifufua blogu katika zama hizi, au nihamishie uandishi wangu Facebook na WhatsApp waliko watu? Je, nitahitaji leseni? Na ile makala ya ugomvi niifanye nini?

---

Mzee wa Gazeti Tando

Ndugu Mwana wa Ziwani, jina langu la hapa jukwaani linakuonyesha nilianza lini. Wengi wenu hamkuwahi kulisikia neno hilo "gazeti tando". Ndilo lililotumiwa na Ndesanjo Macha katika blogu yake ya Jikomboe, wakati ambapo Kiswahili hakikuwa na jina la kitu hicho na wengine walikuwa bado wanabishana kama tuseme "blogu" au "blogi". Macha alikuwa akiishi Marekani, na kwa wengi wetu Jikomboe ndiyo iliyotuonyesha kwamba mtu anaweza kuandika fikra zake kwa Kiswahili mtandaoni bila kumwomba mhariri nafasi. Septemba 2005, Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alikuwa Helsinki kwa shughuli za mkutano, akakutana na Macha huko, akaelekezwa, akafungua yake. Yaliyofuata mnayajua: wasomaji wakawa "wadau", mwenyewe akawa "Ankal", na Watanzania waliotawanyika duniani wakawa wanafungua ukurasa wake asubuhi kabla ya kufungua barua pepe zao.

Mimi nilijiunga 2006. Naomba nieleze jinsi mambo yalivyokuwa yakienda, maana vijana hudhani kwamba tulikuwa na wasomaji kwa sababu hapakuwa na mitandao mingine. La hasha. Tulikuwa na wasomaji kwa sababu tulikuwa tukitembeleana. Kila blogu ilikuwa na safu pembeni yenye orodha ya blogu za wenzake, na orodha hiyo ilikuwa na adabu zake: ukimweka mtu, naye anakuweka, akija kwako akaacha maoni, nawe unadaiwa ziara. Ukipita juma zima hujaonekana kwa mwenzako, unaomba radhi. Kwa hesabu yangu mwenyewe, kila saa moja niliyotumia kuandika ilifuatwa na saa mbili za kuwasoma wengine na kuwajibu. Ilikuwa kazi, na iliwachosha wengi, lakini ndiyo iliyofanya maandishi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani yawe mazungumzo.

Sasa, kilichoziua blogu ni nini? Watu husema Facebook, na hawakosei, lakini naona sababu ni zaidi ya moja. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, intaneti ilianza kupata kasi na kupandisha picha kukawa kazi nyepesi. Ghafla blogu iliyokuwa na aya sita za mawazo ikapitwa na blogu yenye picha arobaini za harusi. Kisha zikaja blogu za matukio, nyingi zikinakili habari ileile hadi na makosa yake ya tahajia. Msomaji akizunguka blogu kumi akakuta habari moja, kwa nini azunguke tena? Halafu tarehe 1 Julai 2013, Google waliifunga Google Reader, chombo tulichokitumia kujua nani ameandika kitu kipya bila kupita mlango kwa mlango. Wewe uliacha katikati ya 2013. Huenda hukuitambua sababu, lakini wageni wako nao walikuwa wameanza kupotea njia.

Kwa hiyo ushauri wangu si kwamba urudi uandike kesho. Rudi kwanza utembelee. Tafuta blogu tano za Kiswahili ambazo bado zina pumzi (zipo, ingawa hazipigi kelele), uzisome na uache maneno ya maana, si "asante kwa makala nzuri". Baada ya miezi miwili andika chako. Ukianza kwa kuandika tu, utaandika mara tatu kisha utanyamaza tena, na safari hii utasema kwamba Kiswahili hakina wasomaji.

Na kuhusu Facebook, jiulize swali moja. Yule mtoto wa mchonga mitumbwi angeyapata vipi maneno yako kama mwaka 2009 ungeyaweka kule? Yangekuwa yamezama siku nyingi chini ya salamu za sikukuu.

---

Karani wa Kanuni

Nitajibu suala la leseni tu, maana hayo mengine yana wenyewe.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitangazwa Tanzania Machi 2018, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Ziliwataka wenye blogu kuomba leseni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Mtwara ilizuia utekelezaji kwa muda, lakini zuio hilo liliondolewa mwezi huohuo, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilisitisha huduma zake kwa kipindi fulani. Mtu aliyekuwa akiandika habari za bibi yake na dagaa, bila kupata hata senti, aliona ni nafuu kufunga mdomo. Hilo nalo Mzee wa Gazeti Tando aliongeze katika orodha yake ya vilivyoua.

Kanuni hizo zilibadilishwa 2020 na kurekebishwa 2022. Kabla ya kuandika neno jipya, pakua kanuni zinazotumika sasa kutoka tovuti ya TCRA, uangalie hasa tafsiri ya nani anahesabiwa kuwa mtoa habari na matukio, kwa kuwa hapo ndipo blogu ya kumbukumbu za kijijini inapotofautiana na chombo cha habari. Ukiona utata, waandikie uwaulize na utunze jibu lao. Aidha, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa kuwa ulimtaja baba yako mdogo kwa jina, ni vyema uisome hiyo pia.

---

Kijana wa Kihesa

Wakubwa zangu, shikamooni. Naomba kutofautiana nanyi kidogo. Niliandika blogu kwa miaka miwili na wasomaji wangu walikuwa watatu, mmoja wao akiwa mimi mwenyewe nikikagua kama picha imetokea. Watu wako WhatsApp. Kifurushi cha mwananchi wa kawaida kinamtosha kusoma ujumbe, hakimtoshi kuzunguka tovuti za watu. Nilipoanza kuandika simulizi fupi na kuzituma katika kundi la mtaa, nilipata majibu ndani ya dakika tano, tena ya sauti, kutoka kwa kina mama ambao kamwe wasingefungua blogu.

Hata hivyo nakiri kasoro moja. Mwaka jana shangazi yangu alinitumia ujumbe mrefu, wenye alama ile ya kuonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, akaniambia niusome kwa makini kwani utanifaa katika maisha. Ulikuwa ni simulizi yangu mwenyewe, jina langu likiwa limeondolewa na mwishoni pameongezwa aya mbili za mahubiri ambazo sikuziandika. Nilimwambia kwamba ni yangu. Hakuamini hadi leo.

---

Binti Likoni

Kaka Mwana wa Ziwani, naandika kutoka Mombasa, na nimekuwa na blogu kwa miaka kumi na miwili kwa jina ambalo si langu. Wenzangu wamekujibu kuhusu wasomaji na sheria. Mimi nina la kusema kuhusu ile makala ya ugomvi, kwa sababu naona ndiyo inayokunyima usingizi.

Kwanza niondoe dhana moja. Kila panapozungumzwa blogu za Waswahili, hakosekani mtu wa kusema kwamba blogu ni baraza. Mimi nimekulia penye baraza na sikubaliani. Barazani neno likitoka hupotelea hewani. Ukikosea leo, kesho utakuja na kahawa yako, mtataniana, yataisha. Aliyekosea barazani hahitaji kufuta kitu. Blogu ipo karibu zaidi na kurasa za mashairi katika magazeti yetu ya zamani, tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Humo mtu wa Tanga alitunga beti zake, na baada ya toleo moja au mawili akajibiwa na mtu wa mji mwingine asiyemjua kwa sura, kwa vina na mizani, na mabishano yakaendelea kwa muda mrefu. Yalichapwa, na yaliyochapwa yalibaki. Ndiyo maana watunzi wengi walitumia lakabu, na ndiyo maana walizoea mafumbo. Mama zetu nao wana kanga: mwanamke anajifunga maneno kiunoni, anapita mbele ya mlengwa, na hakuna awezaye kumshika kwa kusema kwamba ametaja jina la mtu.

Wewe ulisema waziwazi, kwa jina, katika chombo kisichosahau, ukiwa kijana wa chuo. Sikulaumu. Hapa Kenya tumeona pia faida ya kusema waziwazi: Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, matangazo ya moja kwa moja ya habari yakiwa yamepigwa marufuku, Ory Okolloh aliitumia blogu yake ya Kenyan Pundit kukusanya taarifa za yaliyokuwa yakitokea, kisha akaandika akiuliza kama kuna mafundi wa kumsaidia kuyaweka matukio hayo katika ramani. Waliomwitikia wakaijenga Ushahidi, tovuti ya ramani hiyo, kwa siku chache. Wapo kati yao waliokuwa wanablogu kama yeye, waliofahamiana kwa kusomana. Kwa hiyo uwazi una mahali pake. Lakini mpaka wa shamba la ukoo si jambo la taifa, na baba yako mdogo hana blogu ya kukujibu.

Hata hivyo nakusihi usiifute. Umesema wewe ndiye uliyeiandika, lakini hukutuambia chini yake kuna maoni mangapi. Ninavyozijua makala za aina hiyo, watu huja na yao: mmoja ana kesi kama hiyo Njombe, mwingine amesuluhishwa na wazee, mwingine anauliza hatima yako. Ukibonyeza kufuta, unafuta na maneno ya watu waliokuamini wakayaweka kwako, na hao hukuwauliza. Mimi nilifanya hivyo 2016 kwa hasira za siku moja, nikafuta makala ya msiba yenye rambirambi za watu wengi, na miongoni mwao alikuwamo rafiki ambaye sasa naye hayupo. Maneno yake kwangu yalikuwa hayo tu.

Ondoa jina la baba mdogo na lolote linalomtambulisha. Juu kabisa andika tarehe na ueleze kwamba umerekebisha kwa ombi la mhusika. Kisha umwendee, au umpigie simu, na umpe anachokosa: nafasi ya kueleza upande wake, pale pale, kwa maneno yake. Akikataa, utakuwa umetimiza wajibu wako.

---

Mtunza Nakala

Nyongeza fupi ya kiufundi, kabla hujagusa chochote. Katika mipangilio ya Blogger kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya maudhui. Itakupa faili moja lenye makala zote pamoja na maoni. Lipakue leo na uliweke mahali pawili tofauti. Kwa picha usilitegemee faili hilo, zipakue kwa mkono. Kama ulizihifadhi katika huduma nyingine ya picha za bure, kagua kama bado zinaonekana, kwa kuwa nimeona blogu nyingi za miaka ile zenye maandishi kamili na visanduku vitupu palipokuwa na picha. Zilizopotea zijaribu katika Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani za mtandao, kwa kuingiza anwani kamili ya ukurasa. Mimi nilipata picha sita kati ya thelathini kwa njia hiyo. Si nyingi, lakini moja kati ya hizo ilikuwa ndiyo niliyoitaka.

---

Mwana wa Ziwani

Nawashukuru nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikifanya mliyoniambia.

Nakala nimepakua. Picha za fundi wa mtumbwi zilikuwa nne. Mbili zimebaki, na zote mbili nimemtumia mtoto wake. Katika moja yao baba yake ameipa kamera mgongo, ameshika tezo, na nilikuwa nikiona haya kumpelekea picha ya mgongo, lakini amejibu kwamba ndivyo walivyozoea kumwona wakitoka shuleni.

Mzee wa Gazeti Tando, katika ile safu yangu ya pembeni kulikuwa na blogu kumi na nne. Nimezipitia zote jana usiku. Tisa hazifunguki, tatu zililala kabla yangu, moja imegeuka kuwa ya matangazo ya kamari, na moja tu bado inaandikwa, na mwenyewe bado ameniweka katika orodha yake. Nimemwachia maoni. Kijana wa Kihesa, nitakachokiandika nitaweka blogu kwanza, kisha nitapeleka kiungo na aya ya kwanza katika kundi la WhatsApp la nyumbani. Shangazi yako akiongeza mahubiri, angalau ya kwangu yatakuwa na pa kulinganishia.

Dada wa Likoni, chini ya makala ya ugomvi kulikuwa na maoni ishirini na matatu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba la mwisho lilikuwa la yule msomaji wa Uholanzi, akisema kwamba kwao pia walikosana kwa ajili ya mti. Jina nimeliondoa na tarehe nimeiweka. Baba mdogo nimempigia simu Jumapili. Alinisema kwa karibu nusu saa, kisha akauliza kama ni kweli kwamba anaweza kuandika chochote anachotaka nami nisikibadilishe. Nikamwambia ndiyo. Anasema mpaka haukuwa kijito kama nilivyoandika, ulikuwa mwembe, na kwamba ataandika kwa mkono na kumpa mtoto wa jirani aipige picha. Amenionya nisimsahihishe herufi hata moja. Bado naisubiri.